Michezo Si ya Wenye Viatu Peke Yao

Yako maneno ambayo watu wazima husema mara kwa mara wanapowaona watoto wadogo wakirusha mpira wa majani njiani: "Watoto hawa hawana kazi." Nataka kuyapinga maneno hayo katika nafasi hii niliyopewa na Mhariri, maana naona kwamba yanawadhulumu watoto, na hasa watoto wa wazazi wenye kipato kidogo. Mtoto wa namna hiyo ana kazi nyingi kuliko umri wake. Kitu asicho nacho ni mchezo wenye mahali pake, wenye wakati wake, na wenye mtu mkubwa wa kuutazama.

Ombi langu kwa wanafunzi wenzangu, kwa walimu wetu na kwa wazazi ni moja tu. Naomba uwanja wa shule yetu ufunguliwe kila Jumamosi alasiri, kuanzia saa 8 mpaka saa 10, kwa ajili ya watoto wadogo wa vijiji vinavyotuzunguka, na sisi wanafunzi wa vidato vya juu tuwe wasimamizi wao. Nitaeleza sababu zangu, kisha nitawajibu wale ambao najua watapinga.

Kwanza tutazame hali ilivyo hapa kwetu. Mgeni anayefika Kamachumu husifu uwanda wetu kwa uzuri wake, na ana haki ya kusifu. Huona vibanja vya migomba na mibuni vimeshikana, kivuli kimetanda, na njia nyembamba zinapita katikati. Lakini mgeni huyo akiulizwa mtoto wa miaka saba achezee wapi, atakosa jibu. Ndani ya kibanja hapachezeki, maana kila hatua ni mgomba, mbuni au mche wa maharage. Zamani watoto walicheza rweyani, katika mbuga ya majani iliyo kati ya kijiji na kijiji, ambako watu walichunga ng'ombe na kukata majani ya kutandika. Siku hizi sehemu nyingi za rweya zimepandwa misindano na mikaratusi. Sisemi kwamba kupanda miti ni kubaya, kwa kuwa miti hiyo huwapa watu mbao, kuni na fedha za kusomesha watoto. Lakini pale ilipopandwa, mpira hauchezwi tena. Basi watoto wamehamia barabarani, na barabarani ziko pikipiki na magari.

Pili, tutazame wakati. Mtoto wa nyumba isiyo na bomba hutumwa maji, na chemchemi nyingi ziko chini bondeni. Akirudi huenda kutafuta kuni. Msimu wa kahawa ukifika huchuma, huanika na kuanua mvua inapotishia. Mtoto wa kike ana zaidi ya hayo, kwa sababu humbeba mdogo wake mgongoni wakati kaka yake amekwisha kimbilia mchezoni. Wazazi hawafanyi hivyo kwa ukatili. Nyumba yenye mikono michache haina budi kutumia mikono yote iliyomo, mikubwa na midogo.

Tatu, tutazame gharama. Tangu Januari 2016 ada katika shule za serikali, kuanzia elimu ya awali mpaka kidato cha nne, zimeondolewa, na watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia darasani. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mchezo umebaki na ada yake isiyoandikwa popote. Ada hiyo ni viatu, ni bukta, ni jezi, ni nauli ya kwenda kucheza kijiji kingine. Tena iko ada ya mpira wenyewe. Kila aliyekulia kijijini anaijua sheria ya mwenye mpira. Mtoto ambaye baba yake amemletea mpira kutoka Bukoba mjini ndiye anayechagua timu, ndiye anayesema goli limeingia au halikuingia, na akikasirika huchukua mpira wake akaenda zake, mchezo ukafa. Watoto wa maskini hujifunza mapema kumbembeleza mwenye mpira. Naona hilo ni somo baya kwa mtoto wa miaka saba.

Watoto hao wana akili ya kujisaidia. Huchukua majani makavu ya mgomba, wakayakunja na kuyafunga kwa kamba za mgomba mpaka yawe mviringo, wakaweka mawe mawili yawe goli, na mchezo ukaanza. Mpira ule haudundi, na mvua ikinyesha huwa mzito kama jiwe, lakini umefundisha vizazi vingi kupiga chenga. Kwa hiyo tusiseme kwamba watoto hawa hawapendi michezo, au kwamba wanangoja mtu awafundishe kupenda. Wamekwisha kuanza wenyewe. Kazi yetu sisi ni kuwaondolea vizuizi.

Wengine watasema kwamba mtoto anayebeba ndoo ya maji kupanda mlima amekwisha fanya mazoezi ya kumtosha. Jambo hili lafaa lijibiwe vizuri. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku za kuushughulisha mwili kwa nguvu ya kati au zaidi. Kwa hesabu ya jasho, mtoto wa Kamachumu huenda akazipita dakika hizo kabla ya jua kuwa kali. Lakini ndoo haimfundishi mtoto kungoja zamu yake. Haimfundishi kumpa mwenzake mpira aliye mahali pazuri zaidi, wala kushindwa bila kupigana, wala kumtii refa ambaye si baba yake. Mzigo hufundisha uvumilivu, na uvumilivu ni kitu chema, lakini mtoto anahitaji pia furaha na wenzi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, wataja jambo hilo katika kifungu chake cha 31: mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haukusema mtoto wa tajiri.

Sasa nije kwenye mashindano ya shule. Nchi yetu inayo mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari. Mashindano hayo hupanda kutoka shuleni, kwenda kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Ni mpango mzuri, nami naufurahia. Walakini mashindano kwa tabia yake huchagua. Mwalimu anayetakiwa kupeleka timu ya kata hutazama nani ana mbio na nani ana mwili. Huwachukua watoto wakubwa wa madarasa ya juu ambao wamekwisha kuujua mchezo, na hawezi kulaumiwa kwa hilo, maana muda wake ni mfupi. Mtoto wa darasa la pili aliyedumaa kidogo kwa lishe mbaya, au asiye na mtu wa kumfunza, haonekani. Akifika darasa la sita amekwisha zoea kukaa pembeni na kushangilia. Kwa hiyo mlango wa kuingilia michezoni sharti uwekwe chini zaidi, katika miaka sita, saba, nane mpaka kumi, tena uwe mpana, asiachwe mtu.

Ndugu wasomaji, jambo hili si ndoto. Limefanywa na watu wengine wa Afrika ya Mashariki, katika mahali penye shida kuliko hapa kwetu. Nitatoa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Mathare, mtaa wa watu wenye kipato kidogo katika jiji la Nairobi. Mwaka 1987 Mkanada mmoja aliyekuwa akiishi Nairobi, Bob Munro, alisaidia kuanzisha huko chama cha michezo cha vijana ambacho hujulikana kwa herufi zake, MYSA. Watoto walikuwa wakicheza kwa mipira waliyoifunga wenyewe kati ya takataka na maji machafu. Makubaliano yalikuwa hivi: ligi itaandaliwa, na watoto watausafisha mtaa wao. Timu iliyofanya kazi ya usafi ilipewa pointi katika msimamo wa ligi, kama vile timu inavyopewa pointi kwa kushinda. Mwanzoni walicheza wavulana tu, na mwaka 1992 wasichana wakaingia. Vijana wenyewe, wengi wao wa umri kama wetu, walikuwa waamuzi, walimu wa timu na viongozi, na waliofanya kazi hiyo vizuri walisaidiwa karo za shule. Katika chama hicho ikazaliwa timu ya Mathare United mwaka 1994, ikawa bingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Lakini hata kama timu hiyo isingeshinda kitu, maelfu ya watoto wangekuwa wamekwisha kucheza.

Mfano wa pili uko karibu nasi, ng'ambo ya ziwa. Katika mji wa Mwanza kiliundwa kituo cha michezo kwa ajili ya watoto waliokuwa wakiishi mitaani, watoto wasio na mtu wa kuwanunulia hata ndala. Mwaka 2010 timu ya watoto hao iliiwakilisha Tanzania katika Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani huko Durban, Afrika ya Kusini, ikafika fainali, ikashindwa na India. Haikukata tamaa. Mwaka 2014, katika mji wa Rio de Janeiro huko Brazil, Tanzania ilirudi tena fainali, ikaishinda Burundi mabao 3 kwa 1, ikachukua kombe. Ni wavulana wa Mwanza, mji ambao meli yetu huuendea kwa usiku mmoja tu kutoka Bukoba.

Mfano wa tatu watoka kwa jirani zetu wa Uganda, nao hauhusu mpira kabisa. Katika mtaa wa Katwe mjini Kampala, mwaka 2004, kijana aitwaye Robert Katende alianza kuwafundisha watoto wa mtaani sataranji. Aligundua jambo ambalo kila mama wa Kamachumu analijua: mtoto mwenye njaa hachezi. Basi akawa anawapa watoto kikombe cha uji. Msichana Phiona Mutesi alifika hapo mwaka 2005 akimfuata kaka yake, na uji ulikuwa sehemu ya kilichomvuta. Mwaka 2010 msichana huyo aliichezea Uganda katika mashindano ya sataranji ya mataifa huko Urusi. Nimeutaja mfano huu kwa sababu ya kile kikombe. Mipango mingi ya michezo hukumbuka jezi ikasahau tumbo.

Kutokana na mifano hii mitatu naona mambo ya kujifunza. Mathare yatufundisha kwamba vijana waweza kuwa wasimamizi, na kwamba mchezo waweza kwenda pamoja na kazi ya kijiji. Mwanza yatufundisha kwamba umaskini wa mtoto si kipimo cha uwezo wake. Katwe yatufundisha kuanza na njaa.

Sasa nieleze mpango wenyewe, maana maoni yasiyo na mpango ni kelele tu.

Uwanja wetu Jumamosi kuanzia saa 8 mpaka saa 10 huwa mtupu. Asubuhi tunafanya usafi na kufua, na michezo yetu wenyewe huanza saa 10. Kwa saa mbili hizo majani hukaa bure, na watoto wa jirani husimama nje ya ua wakitazama ndani. Tuwaite kupitia kwa walimu wakuu wa shule za msingi na wenyeviti wa vijiji. Tuanze na watoto 60 tu wa miaka sita mpaka kumi, wavulana 30 na wasichana 30, na shule za msingi zipewe ombi maalumu la kuwatanguliza watoto ambao walimu wanajua kwamba nyumbani hali ni ngumu. Lakini wakifika hapa asiitwe mtu maskini. Wawe watoto wa Jumamosi, basi.

Watoto 60 wasichezeshwe mpira mmoja. Mkiwaweka 22 uwanjani, 38 watakaa, na hata kati ya wale 22 wenye nguvu wataumiliki mpira, wadogo wakikimbia tu nyuma yake. Tuwagawe katika makundi sita ya watoto kumi kumi, kila kundi na kipande chake cha uwanja na mpira wake. Hivyo kila mtoto ataugusa mpira mara nyingi, na mwenye haya hatapata pa kujificha. Pasiwe na wachezaji wa akiba. Kundi moja lacheza mpira wa miguu, jingine netiboli, jingine rede, jingine mbio za kupokezana kijiti, jingine kuruka kamba, jingine kuvuta kamba, kisha wabadilishane. Mtoto asiyefaa katika mpira huenda akawa mshindi katika mbio, na kila mmoja afaa apate siku moja ya kusikia jina lake likishangiliwa.

Mipira yatoka wapi? Ile mikuukuu ya shule ambayo haifai tena kwa mashindano yafaa sana kwa mtoto wa miaka saba. Iliyopasuka ishonwe. Inayopungua iongezwe kwa ile ya majani ya mgomba, na watoto wenyewe watufundishe kuifunga, maana wengi wetu tumekwisha sahau. Jambo kubwa ni kwamba mpira uwe wa wote, asiwepo mtoto wa kuuchukua akaenda zake.

Kuhusu viatu, ziwe sheria mbili. Ya kwanza: hapana mtoto atakayerudishwa kwa sababu ya miguu mitupu. Mwethiopia Abebe Bikila alishinda mbio za marathoni katika Olimpiki ya Rome mwaka 1960 bila viatu, na dunia nzima ikamtazama. Ya pili: tusilitumie jina la Bikila kuwa kisingizio cha uvivu wetu. Miguu mitupu hupatwa na miiba, vigae na funza. Basi kabla ya saa 8 wasimamizi waupitie uwanja wote na kuokota kila kitu chenye ncha, na baada ya mchezo kila mtoto anawe miguu kwa maji na sabuni na kukaguliwa vidole. Na wenye viatu wavivue, ili mguu wenye kiatu usiukanyage mguu usio nacho.

Kuhusu njaa, shule yetu ina shamba. Naomba sehemu ndogo ya mahindi yake itengwe kwa uji wa Jumamosi, kikombe kimoja kwa kila mtoto kabla ya mchezo. Watoto 60 ni sufuria moja tu. Wazazi wenye nafasi waweza kuongeza sukari au karanga, na asiye na nafasi asiulizwe.

Kuhusu wasichana, tukisema tu "wote mnakaribishwa" watakuja wavulana. Sharti nafasi zao 30 zishikwe, na zisipojaa tujue kwamba bado hatujafanya kazi yetu. Msichana aliyeambiwa amlee mdogo wake aruhusiwe kuja naye, na msimamizi mmoja awatazame wadogo hao chini ya mti. Pasipo hivyo tutakuwa tumemkaribisha kwa mdomo na kumfungia mlango. Na wale ambao dini yao huishika Jumamosi wawekewe saa yao siku nyingine.

Tena tuige Mathare. Kila mwezi Jumamosi moja watoto na wasimamizi washuke pamoja kwenye chemchemi moja, wafyeke majani, wazibue mfereji, na kila kundi lipate pointi zake. Hapo mzazi ataona kwamba mchezo umemrudishia kitu.

Nimesema nitawajibu wanaopinga. Najua watakuwa wa namna nne.

Wa kwanza ni wanafunzi wenzangu wa Kidato cha Nne, watakaosema kwamba mtihani wa Novemba uko mlangoni. Nami ni wa kidato hicho, na hesabu nimeifanya. Tukijitolea wanafunzi 40 na kila Jumamosi wakitumika wanane, zamu ya mtu itarudi baada ya Jumamosi tano. Katika muhula wenye Jumamosi 15 kila mmoja atafanya kazi mara tatu, yaani saa sita. Asiyeweza kutoa saa sita katika muhula mzima asiusingizie mtihani.

Wa pili ni wale watakaoogopa wizi na uharibifu. Watasema watoto watavunja vioo na kuchuma maparachichi. Huenda ikatokea. Lakini mtoto anayesimama nje ya ua hana sababu ya kukipenda kilichomo ndani. Mtoto aliyekaribishwa, akapewa uji na kuitwa kwa jina, huwa mlinzi wa mahali pale. Mwalimu Julius Nyerere, katika maandiko yake ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya shule inayojitenga na watu wanaoizunguka. Ua wetu ulijengwa kwa ajili ya usalama, nao ubaki, lakini lango lipo ili lifunguliwe kwa wakati wake.

Wa tatu ni walimu, ambao watauliza juu ya usalama wa watoto wenyewe. Swali hilo ndilo zito kuliko yote, na wana haki ya kuliuliza. Jibu langu ni kwamba pasifanyike jambo lolote bila mwalimu wa zamu kuwapo uwanjani. Mzazi atoe ruhusa kwa sahihi au kwa dole gumba. Majina yaandikwe wanapoingia na yaitwe wanapotoka. Mwanafunzi asibaki peke yake na mtoto mahali pa faragha, hata kwa dakika moja. Sanduku la huduma ya kwanza liwepo, na kwa jambo kubwa hospitali ya Ndolage iko katika uwanda huu huu.

Wa nne ni wazazi. Nawaambia kwa heshima, wazee wetu, akina Ta na akina Ma: hatuji kuwanyang'anya mikono ya kazi. Saa mbili za alasiri ni baada ya maji ya asubuhi na kabla ya maji ya jioni. Mtoto aliyecheza atarudi na nguvu, wala hatapotea njiani kwa saa nne akitafuta pa kuchezea. Tena msidhani kwamba twawaahidi fedha. Ni kweli kwamba Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala, alifika mpaka Aston Villa mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza ligi kuu ya Uingereza, na kwamba Filbert Bayi wa Karatu aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974. Lakini wa namna hiyo ni wachache mno, na mtu anayemwambia mzazi maskini kwamba mpira utamtajirisha mwanawe anamdanganya. Tunachoahidi ni kidogo, nacho twaweza kukitimiza: mtoto wenu atacheza mahali salama, atakunywa uji, na ataongozwa na watu wanaomjua.

Wako watakaosema kwamba kazi hii ni ya serikali. Ni kweli serikali inao wajibu wake, na Baraza la Michezo la Taifa liliundwa kwa sheria mwaka 1967 kwa ajili ya kuendeleza michezo nchini. Tuendelee kuomba kwamba kila kijiji kitenge kiwanja cha watoto kabla ardhi yote haijaisha, na kwamba sehemu ya rweya iliyobaki isipandwe miti mpaka wazee wameulizwa watoto watacheza wapi. Ardhi ikikwisha pandwa, kuirudisha ni kazi ya miaka mingi. Lakini mtoto aliye na miaka saba leo hawezi kungoja barua iende na kurudi. Mwaka kesho kutwa atakuwa na tisa, na baada ya muda kidogo atakuwa mkubwa mno kwa mambo ninayoyaomba. Haba na haba hujaza kibaba, na uwanja wetu ni haba ya kwanza.

Basi naomba mambo matatu yafanyike muhula huu. Baraza la wanafunzi lipokee majina ya watakaojitolea, na langu liwe la kwanza. Mkuu wa Shule na walimu wa michezo wakubali kutujaribu kwa Jumamosi nne tu, kisha wapime wenyewe kama uwanja umeharibika au kama masomo yetu yamerudi nyuma. Na siku ya wazazi jambo hili lisemwe mbele yao, ili wenye watoto wadogo watoe shauri lao, maana wao ndio wanaojua saa gani mtoto ana nafasi.

Wenye maoni mengine wayalete kwa Mhariri katika toleo lijalo, nami nitayasoma kwa furaha. Ila nawaomba kila atakayeandika kupinga aeleze pia watoto hao 60 wachezee wapi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne